Nani Atakanyaga Udongo

Usiku ule nililala na hasira, hata miguu sikunawa. Sikuomba ndoto. Kwetu ndoto zina wenyewe, na anayeongoza kwa ndoto nyingi ni shemeji yangu Wekesa, mdogo wa marehemu mume wangu. Akitaka ng'ombe, baba yake humjia usingizini akamwambia achukue ng'ombe. Akitaka kukata miti ya bomani auze mbao, baba yake humjia akampa ruhusa. Baba mkwe wangu alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno, lakini tangu tumzike amekuwa msemaji kweli kweli. Kwa hiyo nikisema kwamba nami niliota, najua kuna watakaocheka, na wala sitawalaumu.

Kwanza niwaeleze kilichonikasirisha.

Huku kwetu mlimani mwanamke hapandi mti. Kazi nyingine zote anafanya yeye. Anaokota mbegu, anaziotesha, anachimba shimo, anabeba samadi, anachota maji mtoni. Mche ukishasimama shimoni na udongo umerudishwa, anasogea kando na kumwita mwanamume. Mwanamume anakuja, anaweka mguu karibu na shina, anaukanyaga udongo mpaka ushikane, kisha anarudi alikokuwa ameketi. Basi, mti umepandwa, na ni wake. Mwanamke akijikanyagia, wanasema mume wake atakufa, au kizazi kitafunga, au mtoto wake atapatwa na jambo. Na kwa kuwa kwetu mti uliosimama mpakani ndio unaoonyesha shamba ni la nani, mwenye mguu ndiye mwenye shamba. Nilipoolewa hapa niliambiwa hayo siku za mwanzo kabisa, pamoja na mahali pa kuanika nguo.

Mume wangu Barasa aliniachia kipande cha juu, kinachopakana na barabara ya kwenda msituni. Ni mteremko, kila mvua inaondoka na udongo kidogo, na mahindi ya pale hufika kiunoni yakachoka. Afisa wa misitu alipokitembelea chama chetu cha akina mama alikitazama kipande hicho akatikisa kichwa. Alituambia msitu wa serikali hauwezi peke yake kuwapa watu wote hawa kuni, mbao na mvua; kwamba miti lazima ivuke ua wa msitu ije huku tunakoishi, mipakani, kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule, nyuma ya vyoo. Tulimpigia makofi. Hakutuuliza nani atakanyaga, maana yeye ni mgeni, nasi tuliona haya kumweleza.

Tukaanzisha kitalu nyuma ya kanisa. Tuliokota pakiti za maziwa sokoni, tukazijaza udongo wa msituni na samadi, tukaotesha grivelia na mivule. Tuliimwagilia kwa zamu na kuifunika kwa nyasi jua likiwa kali. Ilipotufika magotini ndipo tukatazamana. Nusu ya chama ni wajane. Wenye waume walibeba miche yao wakaenda kukanyagiwa. Sisi tukabaki na kopo la maji mkononi, na mizizi ikatoboa pakiti ikaanza kuingia ardhini palepale kitaluni. Tulikuwa tumefikiria kila kitu, samadi, maji, mbuzi wa jirani, isipokuwa mguu.

Mvua zilipoanza nikasema mimi siwezi kungoja tena. Nilichimba mashimo kipande chote cha juu, nikaisimamisha miche yangu, nikairudishia udongo. Sikuikanyaga. Ilisimama imelegea, upepo ukija inainama yote upande mmoja. Jioni hiyo Wekesa akapita barabarani, akasimama, akaitazama mpaka mwisho wa mstari.

"Shemeji, umefanya kazi," akasema.

"Nimefanya."

"Kesho asubuhi nitakuja na gambuti zangu nikukanyagie. Nitakuja na mzee wa kijiji aone."

"Aone nini?"

"Aone tu. Mambo ya mti hufanywa mbele ya watu."

Nilijua anachotaka mzee akione. Angekanyaga mara moja, na kuanzia hapo miti ingekuwa yake, na miti ikishakuwa yake, kipande kingeifuata. Nikamwambia asijisumbue, nitajikanyagia mwenyewe. Hakukasirika. Angalau angekasirika ningejua la kumjibu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Ulijikanyagia ule mparachichi, Mama Nafula. Ndugu yangu yuko wapi?"

Kisha akaenda zake. Nami nikalibeba jembe langu nikarudi nyumbani.

Mparachichi upo nyuma ya jiko langu. Niliuotesha kwa kokwa, nikaupanda na kuukanyaga mwenyewe mchana kweupe, Barasa akiwa mlangoni anacheka. Yeye mambo ya mguu aliyaona ni mchezo wa wazee. Baadaye akaugua ini, tumbo likamvimba, hospitali wakaturudisha nyumbani, akafa. Siku ya mazishi, mbele ya waombolezaji wote, mama mkwe wangu Nasimiyu alininyooshea kidole akasema, "Mguu wako umenizikia mtoto." Neno hilo limekaa nami nyumba moja tangu siku hiyo. Na mtoto niliyebaki naye ni mmoja, Nafula, ameolewa mbali, ana mimba yake ya kwanza. Nikikanyaga, halafu Nafula apatwe na jambo lolote, hata homa tu, kidole kitajua kwa kuelekea. Ndiyo maana nililala bila kunawa miguu.

Usingizini ulikuwa mchana, nami nilikuwa jikoni. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye mafiga. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, ungo mapajani, anachambua mbegu za grivelia na kuzipuliza makapi. Nilijua kwamba amekufa. Nilikumbuka hata nguo tuliyomzika nayo, na ndiyo aliyokuwa amevaa. Lakini sikuogopa. Nilichohisi ni hasira ileile niliyolala nayo, ilikuwa imenifuata huko, na sikumwamkia. Maishani mwangu sikuwahi kumpita mama yule bila kumwamkia, hata siku zile mbaya.

"Sikukuletea chakula," akasema bila kuinua kichwa. "Usiogope."

Alijua tunachoambiwa tangu utotoni, kwamba aliyekufa akikupa chakula ndotoni usile. Hata huko aliko bado alikuwa na utani wake mkavu.

"Siogopi," nikamwambia.

"Hata mimi naona." Akanipa ungo niushike.

Nikaupokea, na ulipofika mikononi mwangu jiko likawa halina ukuta. Tuko kwenye barabara ya msituni, yeye mbele, mimi nyuma. Ana mzigo wa kuni kichwani juu ya ngata, na shingo yake inatetemeka kama ilivyokuwa ikitetemeka miaka ya mwisho. Upande wa kulia ni ua wa msitu wa serikali. Nyuma ya ua miti imesongamana, imeegemea nyaya kama ng'ombe wanaongoja kufunguliwa, na nyaya zinalia. Mama haitazami. Anatazama miguu yake.

Ni njia hiyohiyo iliyomuua. Hiyo naisema nikiwa macho, si ndoto. Alikuwa mzee, mgongo umepinda, na bado alikuwa akipanda kwenda msituni kuokota kuni na kushuka nazo. Siku moja aliteleza na mzigo wake, tukamkuta ameketi kwenye tope anazikusanya kuni moja moja, na baada ya hapo hakuinuka kitandani. Na hapa ndipo pananiuma mimi. Boma lake lilikuwa limezungukwa na miti. Kote, mbele, nyuma, mpaka bondeni. Lakini miti ilikuwa ya mumewe, na mumewe alipokufa ikawa ya Wekesa, na Wekesa alisema matawi yake yasiguswe mpaka mwenye lori aje. Mama mzee akalala njaa ya kuni katikati ya miti, akaenda kuokota za serikali.

Tunafika bomani kwake. Miti yote ipo, hata ile ambayo Wekesa alikwisha kuikata, imesimama imenenepa. Chini ya kila mti pana alama ya gambuti, mguu wa mwanamume, na alama imejaa maji ya mvua. Mama anapita kutoka mmoja hadi mwingine na mzigo wake kichwani.

"Huu nilimwita mume wangu akiwa kwenye pombe," anasema. "Alikuja amekasirika."

Anapita.

"Huu alikanyaga huku akiongea na mgeni. Hakuutazama."

Anapita.

"Huu alikataa kuja mpaka ukaanza kukauka. Nilimpikia kuku."

Mimi natazama mikono yake. Udongo umejaa kwenye kucha. Nageuka natazama mashimo ya miti ile, na naona kila shimo likichimbwa upya, naona kiganja kikipapasa udongo, naona ndoo ya maji ikipanda kutoka mtoni, na kila mahali ni mkono huohuo, wa msichana, wa mama mwenye mtoto mgongoni, wa mwanamke aliyeota mvi. Kisha gambuti inashuka mara moja, na mkono unaondoka.

Mama anainua mkono avunje kijiti kikavu kwenye grivelia. Mkono unasimama hewani.

"Si wangu," anasema, kana kwamba ananieleza bei ya chumvi.

Ndipo hasira yangu ikapata njia. Niliutupa ungo. Mbegu zikatawanyika, na sikujali zimeangukia wapi.

"Basi kwa nini ulinisema?" nikamuuliza. "Ulikuwa ukijua haya yote. Mbele ya watu wote ulisema mguu wangu umekuzikia mtoto."

Akatua mzigo. Kuni zilipogusa ardhi zikawa viti, safu kwa safu, na tuko kwenye mazishi ya Barasa. Turubai ipo, sufuria zinachemka, wazee wameketi. Jeneza sikuliona. Barasa mwenyewe alikuwa mlangoni kwa jiko langu, ameketi kwenye jiwe, anakula parachichi kwa kijiko. Amelitia chumvi, kama alivyopenda. Mti ule ulikuwa haujazaa alipokufa. Hakuwahi kuonja hata tunda lake moja. Nilitaka kumkimbilia, miguu ikakataa. Hakunitazama. Alikula mpaka akafika kwenye kokwa, akalipangusa kwenye suruali, akalitia mfukoni. Alikuwa mnene, tumbo lake la kawaida, uso wake wa kawaida. Nililia huko usingizini, na nilipoamka mto ulikuwa umelowa.

Mama alikuwa akimtazama pia.

"Nilikuwa nimefiwa," akasema. "Nilitafuta pa kuutupa uchungu, na wewe ulikuwa karibu."

"Hiyo haitoshi, Mama."

"Najua haitoshi. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu."

Nikamwangalia miguu. Ilikuwa pekupeku, imepasuka visigino, ina tope mpaka kwenye vifundo. Sikumwambia nimekusamehe. Sikuwa nimemsamehe, na nilihisi kwamba ndotoni mtu hawezi kusema uongo, au labda mimi ndiye sikutaka. Nilisogea tu, akaupata upande wa kuniegemea, tukaanza kushuka bondeni.

Bondeni kwetu kuna mvule mmoja mkubwa kando ya chemchemi. Watu wote wanauita mti wa baba yao akina Wekesa. Akina mama tunafua chini yake, na kiangazi chemchemi ile haikauki, wakati nyingine zote zinabaki matope. Katika ndoto mvule ulikuwa mche. Ulikuwa umenifika gotini, umelegea udongoni, unainama. Na Mama aliyeniegemea hakuwa mzee tena. Alikuwa msichana kuliko Nafula wangu, shingo imenyooka, na tumbo lake lilikuwa kubwa.

Anapiga magoti, anabonyeza udongo kwa kiganja. Haushikani. Anatazama juu njiani. Hakuna mtu.

"Mume wangu alikuwa safarini," anasema. "Mvua zilikuwa zinakwisha."

Kisha anasimama, anashika kiuno kwa mikono yote miwili jinsi wajawazito wanavyofanya, anainua mguu wake wa kulia, na anakanyaga. Anazunguka mche polepole, anakanyaga tena upande wa pili. Nasikia udongo unavyoshuka. Anapoondoa mguu, alama inabaki, ndogo, na vidole vyote vinaonekana.

Nililitazama tumbo lake. "Aliye humo ni nani?"

"Barasa."

Maji ya chemchemi yanapita. Yeye anacheka kidogo, peke yake.

"Sikulala siku zote zilizobaki. Nilikuwa nikingoja afe. Akicheza tumboni nashukuru, akitulia naanza kulia. Alizaliwa akipiga kelele mkunga akaziba masikio."

Na Barasa alikua, akawa mtu mzima, akacheza mpira wa shule, akanioa, akanipa Nafula. Mti na yeye walikua pamoja, hakuna aliyemdhuru mwenzake. Niliyawaza haya nikiwa nimesimama pale, na badala ya kufarijika nikawaka upya.

"Na hukumwambia mtu."

"Sikumwambia mtu. Aliporudi nilimwomba aje akanyage, akakanyaga juu ya mguu wangu. Nikaacha uitwe mti wake." Sasa uso wake ulikuwa umeanza kuzeeka tena, makunyanzi yakirudi mahali pake. "Ningesema siku ile, ningekuwa na kuni. Na wewe usingekuwa na kosa."

Nilitaka kumwuliza mambo mengi. Nilitaka kumwuliza kuhusu huko aliko, kama wanaona, kama Barasa ana maumivu. Lakini swali lililotoka lilikuwa moja.

"Na Nafula?"

Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa yaleyale makali yaliyonitisha nilipokuwa bibi harusi. Nilijiandaa kusikia ahadi, na nilikuwa tayari kuipokea bila maswali.

"Mtoto wa Nafula atakuja," akasema. "Kama atakuja vizuri au vibaya, mti hauna habari naye."

"Basi kabla Wekesa na mzee hawajafika nitatoka nikanyage yote. Wakute imekwisha."

"Mimi ndivyo nilivyofanya."

Akainama, akaokota mzigo wake. Ulikuwa umekuwa kuni tena. Nikamsaidia kuuweka kichwani, maana huwezi kumwacha mtu mzima ajitwike peke yake, hata kama mna ugomvi. Alipokuwa sawa chini ya mzigo akasema, bila kugeuka:

"Wangoje. Kanyaga wakiwepo."

Akaanza kupanda njia ya msituni. Nilitazama huko anakokwenda, na ule ua wa serikali ulikuwa umelala chini, nyaya zimezama kwenye nyasi, na miti ilikuwa inashuka barabarani, mmoja nyuma ya mwingine, bila haraka, inaelekea kwetu. Mama alipishana nayo. Mmoja ulimtolea tawi kavu, akalipokea, akalichomeka kwenye mzigo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nilikaa kitandani nikitazama miguu yangu michafu. Sijui kama mama mkwe wangu aliukanyaga mvule ule kweli. Mumewe amekufa, mkunga amekufa, hakuna wa kumwuliza, na mimi si Wekesa, siwezi kwenda mbele ya watu kusema marehemu amenituma. Lakini maneno yake ya mwisho hayakuhitaji shahidi. Ningekanyaga wakati hakuna mtu, ningekuwa nimeficha kosa. Mtu haendi kujificha kwa kitu kilicho chake.

Nilimpigia simu Nafula kwanza, kwa sababu tumbo linalotishwa ni lake. Nilimweleza yote, gambuti za baba yake mdogo, mzee wa kijiji, ndoto, hata kokwa aliloliweka baba yake mfukoni.

"Mama, unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa."

"Mimi pia. Kanyaga." Kisha akaongeza, "Na mmoja umkanyagie huyu wangu."

Nikapiga simu nyingine kwa akina mama wa chama, wale wajane wenzangu. Sikuwaambia habari za ndoto. Niliwaambia tu waje kipande cha juu. Walikuja na mashuka yao mabegani kwa baridi, wakasimama kando ya barabara, na hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Nadhani walijua. Mmoja wao alikuwa amebeba mche wake mwenyewe, bado umo kwenye pakiti ya maziwa, ameushika kifuani kama mtoto wa kuku.

Wekesa alifika na mzee wa kijiji. Gambuti zake alikuwa amezipangusa. Aliona kundi la wanawake, akasita, kisha akafanya sauti ya kanisani.

"Baba alinijia usiku," akaanza.

"Shemeji, waache marehemu wapumzike," nikamkata. "Tazama hapa."

Nilivua ndala zangu nikaziweka juu ya ukingo. Niliingia kwenye mstari wa kwanza. Nikaweka mguu wangu wa kulia karibu na shina la mche wa kwanza, nikaukanyaga udongo. Ulikuwa baridi. Ulishuka chini ya unyayo wangu, ukashikana, na mche ukasimama. Nilitoa mguu, nikaenda kwa wa pili.

"Unaua watu, Mama Nafula," Wekesa akasema nyuma yangu. Sauti ya kanisani ilikuwa imekwisha.

"Ndugu yako alikufa kwa ini. Daktari alikwambia ukiwa umesimama pale pale na mimi."

"Mzee, mwambie."

Mzee wa kijiji alijikuna shingo. Yeye si mtu mbaya, ila amezoea kuitwa kwa kazi ambayo jibu lake limeshaandaliwa, na leo hakuna aliyekuwa amemwandalia. Alitembea kando ya mstari akinifuata, mche kwa mche, akitazama nyayo zangu. Mwishowe akauliza, kwa sababu ndicho alichoitiwa kuuliza.

"Hii miti niseme ni ya nani?"

"Yangu. Rosa Naliaka."

Lilikuwa jina langu la kwa baba, na nilikuwa sijalitamka kwa sauti tangu nilipoolewa. Hapo barabarani kukawa na sauti ya pakiti inayopasuliwa. Yule mwenzangu aliyekuwa na mche alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa shamba lake, mkabala na langu, anachimba kwa mikono. Hakuna aliyemzuia.

Niliendelea mpaka mche wa mwisho, ule ulio juu kabisa, mahali mvua inapoanza kuukwangua mteremko. Hapo nilisimama kidogo. Mzee alikuwa bado nami, na Wekesa nyuma yake.

"Na huu pia ni wako?" mzee akauliza.

"Huu si wangu. Huu ni wa mtoto wa Nafula."

"Mtoto wa Nafula hajazaliwa."

"Ndiyo," nikasema, nikauinua mguu, nikamkanyagia.